Mizani ya kuning'iniza ya kilo 300: pesa yake imerudi, ila broka hataki kuiona

Nalima viazi, kabichi na karoti kidogo huku Mau Narok, na mizani hii nimeitumia tangu mavuno ya masika. Ni ya dijitali, yenye ndoano mbili: ya juu unaifunga mtini, ya chini inashika gunia. Niliinunua 4,200 katika duka la vifaa mjini Nakuru. Zile ndogo za kilo 50 za kupimia mizigo ya safari zina bei nafuu, lakini gunia likiyumba kidogo tu zinaachia.

Anayejua viazi anajua kwa nini nimeitafuta. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa neti juu, na kijana anapanga viazi kimoja kimoja kuzunguka ukingo hadi kofia isimame. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini barabara yetu bado inapitisha kofia mchana kweupe. Sababu si ngumu: ushuru wa kaunti unalipwa kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na mimi mkulima pia nalipwa kwa gunia. Anayefaidi kilo za juu ni yule anayeenda kuuza kwa debe na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, sokoni.

Gunia la kwanza la kofia nililoning'iniza lilisoma 138. Broka alikuwa ameliwekea 3,000, yaani kama shilingi 22 kwa kilo. Wiki hiyo hiyo mwenye kibanda cha chipsi mjini alichukua magunia ya kilo 50 kwa 1,250, ambayo ni 25 kwa kilo. Kwa hizo kilo 138 ningepata 3,450. Tofauti ni 450 kwa kila lumbesa, kwa hivyo ukiuza kama magunia kumi hivi, mizani imejilipa.

Sasa kasoro zake. Kitufe cha kubadilisha kilo kuwa ratili kimekaa ubavuni mwa kile cha kuwasha, na kidole chenye udongo hakijui tofauti. Gunia la kilo 50 likasoma 110 na kijana wa broka akaruka: "Mathe, hii mizani yako ni ya uchawi!" Nilimwonyesha kitufe, akatikisa kichwa tu, na bei ya siku hiyo ikaharibika. Nimekibandika selotepu. Betri nayo ni ya kuchaji, na kwa baridi ya huku asubuhi inashuka haraka, kwa hivyo ichaji usiku, usingoje lori lipige honi.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatakuambia: mizani ya kufanyia biashara inatakiwa ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Hii yangu ilitoka kwenye boksi bila chochote. Uliza kabla ya kulipa kama aina hiyo inakubalika, la sivyo mnunuzi mkorofi ana haki ya kuikataa.

Kwa karoti inafaa, lakini zipime zikishachuja maji. Zikitoka tu kuoshwa zinabeba maji mengi, na mnunuzi wa kilo anaijua hiyo hila kuliko wewe. Kwa kabichi sijaona faida yake. Zinauzwa kwa kichwa, na broka anapita tu katikati ya mistari akikadiria kwa macho.

Pale inaposhindwa kabisa ni wakati viazi vimejaa kila shamba. Ukisema "tupime kwanza", broka anacheka, anawasha lori na kuingia kwa jirani ambaye bado anashona kofia. Na huwezi kumngoja arudi. Wengi wetu tunapanda aina ya Shangi, na Shangi haikai. Wiki chache tu stoo na macho yameanza kuchipua. Broka anaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Msimu uliopita sehemu ya viazi vyangu viliondoka na kofia zao, mizani ikining'inia pale pale kwenye mti.

Kwa hivyo kama wateja wako ni mahoteli, vibanda vya chipsi au akina mama wa Wakulima Market wanaokupigia simu moja kwa moja, inunue bila kufikiri mara mbili. Kama unamtegemea broka wa barabarani peke yake, changa na majirani wa laini yenu, mnunue moja na mkubaliane kwamba hakuna shamba litakaloshona neti wiki ile. Sisi tumeanza watu wanne. Wa tano bado anasema atafikiria, na shamba lake ndilo la kwanza ukitoka lami.

Nyota nne kwa mizani. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya kitufe cha ratili.