TAHADHARI: Anayeuza "kambi binafsi" Ziwa Duluti hana kambi wala kiwanja

Wakuu, habari za kutwa.

Mimi ni dereva wa Coaster ya kukodi hapa Arusha. Nabeba harusi, misiba, wanafunzi, na siku hizi vijana wanaopenda kwenda kulala kwenye mahema. Naandika kwa sababu sikukuu zinakaribia na kuna tapeli amerudi mtandaoni na picha zilezile, amebadilisha bei tu. Anauza nafasi za kupiga kambi kwenye eneo la mapumziko la mtu binafsi kando ya Ziwa Duluti. Eneo lipo kweli. Yeye ndiye hahusiki nalo kwa lolote. Abiria wangu wa Pasaka waliomlipa niliwafikisha mwenyewe mpaka getini, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Kwa msiopajua, Duluti ni ziwa la kreta pale Tengeru, kilomita kama 14 kutoka Arusha mjini ukielekea Moshi. Si kubwa, unalizunguka kwa miguu na muda unabaki. Mlima Meru umesimama nyuma yake, na asubuhi ikiwa safi unaiona Kilimanjaro kwa mbali. Sehemu ya kando ya ziwa ni msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, wenye njia ya miguu, kima wengi na kenge wa kukutisha ukikanyaga vibaya. Kupakana na huo msitu kuna maeneo ya watu binafsi, na humo ndimo mtu anaweza kukodisha uwanja wa mahema, choo, kuni na mtumbwi kihalali kabisa. Tapeli amejipenyeza hapo katikati. Mgeni wa Dar au Dodoma hajui ya serikali inaishia wapi na ya mtu binafsi inaanzia wapi, na hajui nani anapaswa kupokea hela ipi.

Anavyofanya ni hivi. Ana ukurasa Instagram wenye wafuasi wengi, na maoni chini ya picha yamefungwa. Ukimwandikia inboksi anajibu fasta, kwa adabu ya kupitiliza, "karibu sana mpendwa". Anakuhamishia WhatsApp na kukutumia bango lililopangwa vizuri: hema la watu wawili, chakula cha jioni, kifungua kinywa, moto wa usiku, mtumbwi saa moja. Abiria wangu walikuwa vijana wa ofisi moja Dodoma na ndugu zao, wakatajiwa 65,000 kwa kichwa. Bei hiyo haitishi wala haitii shaka kwa urahisi wake. Akataka kishika uchumba nusu, iliyobaki wamalizie wakifika. Hapo hata mtu makini anatulia, maana anajiambia nusu nyingine bado ninayo mkononi.

Kumbe hiyo nusu ndiyo mlango. Siku mbili kabla ya safari akawaambia TFS wamepandisha kiingilio cha msitu, na kwamba yeye ndiye anakusanya ili getini wapite moja kwa moja. Asubuhi ya safari akaja na "ada ya ulinzi", eti inarudishwa mkiondoka. Kila hela ni ndogo ukilinganisha na iliyokwisha kwenda, na tayari mahema ya kichwani yameshasimamishwa, kwa hiyo watu wanalipa.

Niliwapokea stendi Ijumaa Kuu mchana. Tuliposimama kujaza mafuta, dada aliyekuwa mweka hazina wao akanionyesha simu, anataka kujua kama hiyo "kontrol namba" (namba ya kulipia malipo ya serikali) aliyotumiwa na tapeli ndiyo nitakayoitaja getini. Nikaiangalia. Tarakimu nane. Chini yake maelekezo: tuma kwa namba hii ya simu, halafu andika kontrol namba kwenye sehemu ya maelezo. Nikamwambia dada yangu, hii siyo. Kontrol namba ya serikali ina tarakimu 12, inaanza na 99, na inalipiwa kwenye malipo ya serikali au benki, haitumwi kwenye simu ya mtu. Lakini hela ilikuwa imekwenda tangu Jumatano. Na jina lililotokea kabla ya kuweka PIN lilikuwa la mwanamke, wakati waliyekuwa wakizungumza naye ni mwanaume anayejiita mkurugenzi. Walimuuliza siku ileile, akasema huyo ni mhasibu wetu. (Hapohapo piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Matapeli wanapenda laini za watu wasio na habari, na siku moja mhasibu wa mtu anaweza kuwa wewe.)

Tukashuka Tengeru na mvua ya masika imeshaanza. Upande wa msitu, aliyekuwa zamu akawauliza risiti, wakamwonyesha ile meseji, akatikisa kichwa. Wala hakuwa mkali, alionekana kuchoka tu na jambo hilo. Akatuelekeza eneo binafsi, huenda oda yao iko huko.

Huko tulimkuta mlinzi, mzee wa makamo ya babu yangu, ana koti la mvua na tochi kwapani. Vijana wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda kibandani akarudi na kaunta buku lake. Akafungua ukurasa wa siku ile, akapitisha kidole mstari kwa mstari chini ya tochi. Kulikuwa na kikundi cha vijana wa kanisa na familia moja. Jina la abiria wangu halikuwepo, wala jina la huyo mkurugenzi. Kisha akaomba aone bango. Alipoliona akasema, "Wanangu, na nyie tena?" Akatumulikia geti lake kwa tochi, kisha akatuambia tuangalie picha kwenye simu.

Geti ni lilelile. Hata ule mkunjo kwenye bati la chini upo. Tofauti ni moja: getini pana kibao chenye jina la eneo na namba ya simu ya ofisi, na kwenye picha ya tapeli palepale pamebandikwa ua la rangi na neno KARIBU. Alikuja, akapiga picha ya geti la mtu, akaziba namba ya mwenyewe, akaweka yake chini.

Tukampigia. Mara ya kwanza akapokea, akasema yuko Usa River kwenye foleni, anakuja. Baada ya hapo ikawa ni mteja hapatikani mpaka leo. Wenye eneo waliwaonea huruma, wakawaruhusu kukaa kwenye nyasi kwa bei ya kawaida ya uwanja, lakini mahema hawakuwa nayo kwa sababu waliahidiwa ya kukodi. Wengine walilala gesti Tengeru, wengine kwenye Coaster yangu wamekunjana. Duluti iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa masika pale si wa kulala na fulana. Mchele na nyama walizonunua zilipikwa kesho yake uani kwa mama lishe.

Sasa niseme ninavyoona mimi. Watu wengi wanashauriana kuangalia wafuasi, au kudai cheti cha BRELA, wanaosajili biashara. Huyu jamaa cheti cha BRELA alikituma bila kuombwa. Cheti cha jina la biashara kinaonyesha kwamba mtu ameandikisha jina, basi. Hakisemi ana ardhi Tengeru, hakisemi ana mahema, na picha ya cheti hata mtoto anaihariri kwenye simu. Maswali ya kumbana nayo ni mawili tu: hema langu litasimama juu ya ardhi ya nani, na kila shilingi ninayotoa inapokelewa na nani.

Ziwa halina hati ya mtu. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mwenye kiwanja kando ya ziwa ana haki ya kukitumia kiwanja chake. Anaweza kukutoza uwanja, choo, kuni, mtumbwi wake, chakula chake. Kiingilio cha msitu wa hifadhi si chake, na mwenye eneo wa kweli hatakuambia anakukusanyia. Mwenyewe atakwambia, hiyo mtalipa kwa kontrol namba. Kwa hela inayomhusu yeye atakupa lipa namba yenye jina la biashara, na ukifika utapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Lile tangazo la TRA la ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, watu hulifanyia mzaha, lakini risiti ya EFD unaweza kuihakiki mtandaoni kwa namba iliyo juu yake, na tapeli hana mashine hiyo.

Kuna na hili la mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa la asili. Kwa hiyo mtu akikuuzia "banda letu jipya juu ya maji", ama banda halipo, ama lipo na siku yoyote litavunjwa mkiwa ndani.

Picha nazo zinasema. Kwenye bango la huyu jamaa, geti ni la Duluti lakini ziwa si la Duluti. Ameweka ufukwe wa mchanga mweupe, miti ya misonobari iliyonyooka na mlima wenye theluji mpaka chini. Duluti ukingo wake ni miti mikubwa, matete na mafunjo, na Meru haivai theluji namna hiyo. Mwombe video ya dakika moja akiwa amesimama hapo leo, ataje siku na aonyeshe geti mpaka maji. Mwenye eneo wa kweli anamtuma mlinzi na simu, imekwisha. Tapeli atakwambia mtandao uko chini.

Mchezo huuhuu naambiwa umehamia Chala, kule Rombo mpakani na Kenya. Chala nako kuna kambi ya binafsi ya kweli upande wetu, na nako mtu wa kati anajipachika. Huko mjihadhari zaidi, maana anayeuza "kuogelea bila kikomo" Chala anacheza na roho zenu. Mwaka 2002 mamba aliua msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya. Wenyeji hawaingii yale maji ovyo. Na ukiona mtu anakuuzia Ngosi, Mbeya, kwa "gari mpaka majini", funga simu. Ngosi unapanda msitu kwa miguu, na ukifika juu kingo zake ni mwinuko wa kutisha. Hakuna gari lililowahi kugusa yale maji.

Kama umeshatuma hela, usianze kubishana naye WhatsApp, unampa muda wa kuitoa. Piga 100 kwenye mtandao wako muda huohuo, uwape namba ya muamala, uombe wazuie. Wakiwahi kabla hajaitoa, kuna matumaini. Akishaitoa kwa wakala, ni kazi ya polisi. Meseji za kitapeli zifowadi kwenda 15040, kisha utume namba iliyozituma, ndiyo njia ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kufuatilia laini hizo. Halafu nenda kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako. Najua mtu anasema kwa 32,500 nitahangaika na kituo cha nini. Kwako ni 32,500, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haisubiri ifike milioni, na polisi wakipata malalamiko kumi ya namba moja wanaichukulia tofauti na moja. Usifute mazungumzo hata kama yanakuudhi. Piga skrinishoti zinazoonyesha namba yake, siyo jina ulilomsevu.

Madereva wenzangu na bodaboda wa Tengeru, nanyi nawaomba. Mkipakia kikundi kina mabegi na sufuria kinaulizia Duluti, waulizeni walimlipa nani kabla hamjaondoka stendi. Najua wengine mnaona si kazi yenu, hela ya nauli iko palepale. Lakini mimi usiku ule nililala kwenye usukani na watu kumi na moja nyuma wanakohoa.

Abiria wangu walishafungua RB. Ukurasa ulifutwa wiki ileile, na sasa umeibuka mwingine wenye jina jipya, lile ua la rangi bado limeziba kibao. Mwenye skrinishoti za kuzungumza naye, hasa zile zenye namba aliyoitumia kupokea hela, anitumie inboksi nimfikishie mweka hazina wao, aziongeze kwenye faili. Namba zenyewe msiziweke hapa hadharani, laini yenyewe inaweza kuwa ya mama wa watu asiyejua lolote.