Duka la dawa za maji Mwanga, nyota 2

Nimenunua dawa ya maji kwenye hili duka karibu na soko la Mwanga zaidi ya mwaka, bei zao ziko poa na dada wa kaunta ana lugha nzuri, ila safari hii hapana jamani. Mi nina mgahawa Kibirizi, maji napampu ziwani naweka kwenye simtanki la lita 2,000, na kila nikijaza natia klorini ya unga. Juzi nikapimiwa kilo moja toka kwenye ndoo iliyoandikwa kwa mkono "kalsiamu klo" basi. Nafika nyumbani nakoroga kwenye jagi, jagi likapata moto mkononi! Afu harufu hamna, wakati ile niliyoizoea ukifungua tu inakukaba koo mpaka machozi. Nikatia kidonge cha DPD, kile kinachogeuza maji ya klorini yawe ya pinki, maji hayakubadilika hata kidogo.

Kumbe nimeuziwa kalsiamu kloraidi badala ya kalsiamu haipokloraiti. Zote punje nyeupe, ila haipokloraiti ndo inaua vijidudu, ina klorini ya kazi asilimia 65 mpaka 70, simtanki langu linataka gramu 6 hivi nasubiri nusu saa. Kloraidi ni aina ya chumvi tu, watu wanaitumia kunyonya unyevu au kutuliza vumbi barabarani, haiui kitu. Niliacha kidogo wazi kwenye sahani, asubuhi nikakuta imelowa chepechepe. Sa fikiria ningekua sina vile vidonge, wateja wangu wanakunywa maji ya ziwa wakijua yametiwa dawa, na kipindupindu Kigoma tunakijua.

Nikarudi, dada ananambia "mama, si zote klorini?" Bosi wake akanirudishia hela yote bila ubishi, hizo nyota 2 ni zake. Nikaomba kuona chombo chenyewe kilichotoka kiwandani, na nyie ombeni hivohivo, cha haipokloraiti kina jina lote, asilimia, na alama ya moto juu ya duara. Nikakikuta kimebanana na madumu ya asidi ya kuoshea vyoo, hapo niliogopa kweli maana vikimwagikiana inatoka gesi ya sumu, nikawaomba watenganishe.

Jana nimepita, asidi wamehamisha. Ndoo bado imeandikwa "kalsiamu klo".