Programu ya simu ya kujihudumia baada ya kuondolewa titi: uzoefu wangu

Mwenye haraka asome hapa tu: ipakue, itumie mpaka dreni (mirija ya kutoa majimaji) zitoke, kisha usiitegemee kwa habari za mkono kuvimba. Mwenye nafasi aendelee.

Niliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliniwekea programu hii kwenye simu, akanionyesha pa kubonyeza, akaniambia majibu yangu yataonekana kwao. Jina la programu silitaji, maana nikizungumza na wenzangu waliopewa nyingine nasikia malalamiko yaleyale. Walioitengeneza siwajui wala hawajanipa kitu.

Ukurasa wa dreni ndio bora kuliko zote. Kwa asiyewahi kuwa nayo, dreni ni mrija mwembamba unaotoka chini ya ngozi na kuishia kwenye kichupa laini ambacho hukaa kimeminywa ili kivute majimaji. Unakimwaga asubuhi na jioni, unapima mililita, unakiminya tena, ndipo unafunga kizibo. Sasa basi, ukishaandika tu kipimo, programu inakuuliza: "Umekiminya kabla ya kufunga?" Swali dogo, ila linakuja wakati wake hasa, kizibo kikiwa bado mkononi. Kichupa kilichojaa hewa hakivuti kitu, na majimaji yakikosa pa kutokea hujikusanya chini ya mshono. Aliyeliweka swali lile pale, ama aliwahi kuvaa dreni mwenyewe, ama alikaa na aliyeivaa akamtazama anavyohangaika.

Rangi nazo wamezipatia. Hawakulazimishi kueleza kwa maneno. Wamekuwekea vidoa vya rangi, kuanzia nyekundu ya damu, waridi, hadi manjano mepesi, unagusa kinachofanana na ulichokiona. Ukigusa nyekundu wakati jana ulikuwa kwenye manjano, inakutaka upige simu hospitali. Grafu inajichora yenyewe. Daktari wangu alitaka majimaji yawe chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, ndipo autoe mrija (wengine wana kiwango chao, muulize wako), na kwenye grafu kiwango hicho kimechorwa kwa nukta. Kila jioni nilikuwa naangalia mstari wangu unavyozikaribia nukta zile kama mtu anayefuatilia matokeo ya ligi.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa na dreni mbili, na programu ina kisanduku kimoja. Ya kwapani ilikuwa inatoa majimaji mengi, ya kifuani ilikuwa karibu kukauka, na daktari huzitoa moja moja, kila moja kwa kipimo chake. Nikijumlisha, grafu inasema bado sana, ilhali moja ilishafaa kutolewa. Ya pili nikawa naiandika kwenye sehemu ya maelezo, ambayo haiingii kwenye grafu wala, nilikuja kuambiwa, haionekani kwenye skrini ya daktari mpaka aifungue kwa makusudi. Mwisho wa yote daktari alitumia daftari langu. Dreni mbili si jambo la ajabu baada ya upasuaji wa aina hii. Sijui hilo liliwapitaje.

Jambo la pili ni mkono. Wanaotengeneza programu za waliopasuliwa kifua wangefungwa mkono mmoja kwanza, ndipo wakae kuchora skrini. Kitufe cha kuhifadhi kiko pembeni juu kabisa, mahali ambapo kidole gumba cha mkono ulioshika simu hakifiki, na mkono wa pili ndio huo unaouma. Kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 ni cha kuburuta kwa kidole. Unalenga 4, kinateleza mpaka 8, na 8 inapeleka arifa hospitali. Nesi akapiga.

"Mama, maumivu yamezidi?"

"Hapana, nesi. Ni kidole tu."

Tukacheka, lakini fikiria anapokea simu ngapi za vidole kwa siku. Namba kumi na moja za kugusa zingemaliza kazi.

Kwenye dawa nina sifa moja: inauliza kuhusu choo. Dawa kali za maumivu, zile za jamii ya morfini, hufunga choo, na ni wachache wanaolitaja wenyewe mbele ya daktari. Simu haina aibu. Video za mazoezi ni nzuri, zinapakuliwa na kubaki kwenye simu, na zinasisitiza usiinue mkono kupita bega wakati dreni bado ipo. Dada anayeonyesha, hata hivyo, anapandisha vidole ukutani huku anatabasamu kama hajawahi kushonwa popote. Wangemweka mgonjwa.

Picha za mshono ndizo zilizonikasirisha. Programu inakuomba upige picha ya kidonda uitume, wazo zuri, kwani wekundu unaotambaa au usaha huonekana vizuri kuliko unavyoelezeka. Ila picha hazibaki ndani ya programu. Zinaingia pia kwenye albamu ya kawaida ya simu, na albamu yangu inajihifadhi kwenye akaunti tunayotumia nyumba nzima. Kifua changu kibichi, na nyuzi zake, kikatokea kwenye tableti ya watoto katikati ya picha za shule. Hakuna mahali nilipoonywa. Ukiitumia, zima kwanza uhifadhi wa picha mtandaoni, kisha ndipo ufungue kamera.

Arifa za hatari ziko wazi: ukiandika joto la 38 au zaidi, skrini inakuwa nyekundu na kitufe cha kupiga simu kinajaa chote. Hivyohivyo ukisema unapumua kwa shida au mguu mmoja umevimba, kwa ajili ya damu kuganda. Lakini ukiandika swali la kawaida, unajibiwa na mashine kwamba utahudumiwa ndani ya siku mbili za kazi. Hapo ndipo wengi wanapoichoka. Mwaka 2017 daktari wa saratani Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, kwa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa waliokuwa kwenye kemo (dawa kali za kuua seli za saratani). Nusu ya waliokuwa wakiripoti dalili zao kwa kompyuta waliishi zaidi ya miezi 31.2, na nusu ya waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida zaidi ya miezi 26. Hao si sisi wa upasuaji, najua, ila upande wa pili wa ile kompyuta alikuwepo nesi aliyepokea taarifa dalili ilipozidi, na mara nyingi alichukua hatua. Fomu isiyo na msomaji ni kazi ya ziada kwa mgonjwa.

Halafu siku ya thelathini ikafika. Fataki zikaruka kwenye skrini: "Hongera, umekamilisha safari yako!" Maswali yakakoma, grafu ikafungwa, zikabaki video. Kwa aliyetolewa tezi za kwapani, mkono kuvimba kwa limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo) huweza kuanza miezi au hata miaka baadaye, na huwapata takriban mmoja kati ya watano wa kundi letu. Huanza kimyakimya: mkono mzito, saa inabana, alama ya mkono wa gauni haifutiki haraka. Ukikamatwa mapema hudhibitiwa vizuri zaidi. Programu hii imelitaja mara moja, kwenye aya ya mwisho ya ukurasa ambao sidhani kama unafunguliwa na wengi. Ilikuwa inatosha kuweka kumbusho la mara moja kwa mwezi la kupima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, sehemu zilezile, na grafu ileile waliyoipatia kwenye dreni.

Nimewaandikia hayo kupitia kitufe cha maoni. Wamejibu kuwa ombi limepokelewa.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiweka kisanduku cha dreni ya pili, nne.