Miezi minane na MPD kwenye mgahawa wa mama mkubwa

Mgahawa wa mama mkubwa uko Msamvu, Morogoro, si mbali na stendi ya mabasi. Kwa miaka mingi muziki wa pale ulitoka kwenye simu yake, iliyounganishwa na spika kwa Bluetooth. Simu ikiita, wimbo unakatika. Akienda sokoni kufuata nyanya, muziki unaondoka naye, na wasichana wanaohudumia wanabaki na kelele za mabasi tu. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Nifanyie huu muziki ukae hapa hapa, mimi niende zangu."

Nilichomfungia ni MPD, yaani Music Player Daemon. Sasa ni miezi minane, nimeizoea vya kutosha kuisemea mazuri yake na mabaya yake.

Ni programu ya bure, ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Warren Dukes mwaka 2003. Anayeitunza kwa miaka mingi sasa ni Max Kellermann. Ukiifunga usitegemee kuona dirisha wala kitufe. Inakaa kimya ndani ya kompyuta, inasoma folda ya nyimbo, inaweka orodha yake na kupiga kupitia kadi ya sauti. Unachokishika mkononi ni programu nyingine kabisa, kwenye simu au kompyuta yoyote ya mtandao ule ule, inayoiagiza kupitia poti 6600. Simu inabaki kuwa rimoti tu. Ikizimika, ikiibiwa, ikienda sokoni, wimbo unaendelea.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex iliyotumika, RAM ya GB 4, niliyoipata kwa shilingi 180,000. Niliweka Debian 12, mfumo wa Linux, bila desktop. Haina skrini, imekaa juu ya kabati la vikombe, mbali na mvuke wa jikoni.

Kufunga ni kazi ya dakika moja: `sudo apt install mpd mpc` (mpc ni rimoti ya kuiagiza MPD kwa kuandika amri). Kazi iko kwenye faili la `/etc/mpd.conf`, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Mimi mwenyewe jioni ya kwanza iliishia kwenye folda. Nyimbo nilikuwa nimeziweka kwenye folda yangu ya nyumbani, nikaandika njia yake kwenye mstari wa `music_directory`, nikaiwasha upya, nikapiga `mpc update`. Kisha `mpc stats`: nyimbo 0. Nikarudia, 0. Faili ziko pale nazitazama, seva inasema hakuna kitu. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu zake (log), maneno mawili: `Permission denied`, yaani ruhusa imekataliwa. MPD ikiwashwa na mfumo haifanyi kazi kwa jina lako, inafanya kazi kwa jina la mtumiaji wake anayeitwa `mpd`, na huyo hana ruhusa ya kuingia chumbani kwako. Haisaidii kufungua ruhusa za folda ya muziki peke yake kama mlango wa folda ya juu yake umefungwa. Nilihamishia kila kitu `/srv/muziki`, nikawapa wote ruhusa ya kusoma, nikapiga `mpc update` tena, na hesabu ikaanza kupanda: 800, 2,300, hadi 6,000 na kitu. Ukichukua jambo moja tu kwenye maelezo haya, chukua hilo.

Sauti nayo ina mtego wake. Nilinunua kadi ndogo ya sauti ya USB, shilingi 15,000, kwa sababu tundu la kompyuta lilikuwa linakoroma. Mwanzo niliandika `hw:1,0`, ikapiga vizuri. Baada ya kuwasha upya kompyuta, kimya. Namba za kadi zinaweza kubadilika kila mashine inapowaka. Iliyokuwa ya 1 leo inaweza kuwa ya 0 kesho. Amri ya `aplay -l` inakuonyesha jina la kadi, na jina halibadiliki. Sehemu yangu sasa inasomeka hivi:

```
audio_output {
    type "alsa"
    name "Spika za mgahawa"
    device "plughw:CARD=Device"
    mixer_type "software"
}
```

Mstari wa mwisho ndio unaomwezesha mama mkubwa kupunguza sauti akiwa kaunta, hata kama kadi yenyewe haina njia yake ya kupandisha na kushusha.

Ili simu ziipate, badilisha `bind_to_address` kutoka "localhost" (kompyuta hiyo hiyo tu) kwenda "any" (yeyote wa mtandao ule). Lakini usifanye hivyo ukaiacha wazi. Wateja wanatumia Wi-Fi ile ile. Mdogo wangu alikaa meza ya pembeni, akapakua programu ya simu, na kabla chai yake haijapoa alikuwa amepandisha sauti hadi mwisho na kufuta foleni nzima ya nyimbo. Hakuombwa neno la siri lolote. Siku hiyo hiyo niliweka mstari wa `password`, na kwenye `default_permissions` nikaacha "read" peke yake: mgeni anaweza kuona kinachopigwa, hawezi kukigusa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niipende. Kuna kitu kinaitwa `state_file`. Humo MPD inaandika foleni ya nyimbo, wimbo uliokuwa ukipigwa, umefika wapi, na sauti ilikuwa kiasi gani. Bila kubadilisha kitu, inaandika kila baada ya dakika 2. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ile Dell, nilichagua kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Wiki ya pili, saa saba mchana, mgahawa umejaa, umeme ukakatika. Feni zikasimama, watu wakaanza kujipepea na menyu. Baada ya kama robo saa ukarudi. Friji likaunguruma, taa zikawaka, kompyuta ikapiga mlio wake mfupi juu ya kabati. Tukasubiri. Halafu gitaa likaingia katikati ya wimbo ule ule, nyuma kidogo tu ya pale ulipokatikia. Mama mkubwa alikuwa ameshika sahani mbili za wali. Akasimama nazo, akatazama juu ya kabati, akasema, "Kumbe inakumbuka!" Hakuna aliyegusa kitu. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi, na kila ukirudi muziki umerudi nao.

Upande wa simu anatumia M.A.L.P. ya Android. Ni nyepesi na ya bure. Maneno yake kwenye simu yake ni ya Kiingereza, lakini yeye anafuata alama: pembetatu, mistari miwili, mshale. Adhana ya adhuhuri ikianza, anabonyeza mistari miwili palepale alipo, hata kama yuko jikoni na mwiko mkononi. Zamani ilikuwa lazima mtu akimbie kwenye spika. Wiki ya tatu simu iliacha kuiona seva, kumbe ruta ilikuwa imeipa kompyuta anwani nyingine. Niliingia kwenye ruta nikaifungia anwani moja ya kudumu, basi. Mimi nikiwa kwenye kompyuta natumia ncmpcpp, rimoti ya maandishi matupu, na hiyo ni tamu kwa aliyezoea kibodi.

Asubuhi muziki unaanza wenyewe kwa cron, kipanga ratiba cha Linux: inapakia orodha ya nyimbo za taratibu na kuanza kupiga. Mama mkubwa alisema uanze saa kumi na mbili asubuhi na uzime saa nne usiku, basi kwenye cron ikawa 6 na 22. Jihadhari na jambo moja. Ukishaweka neno la siri, amri za mpc ndani ya cron nazo zinalihitaji, kwa muundo wa `mpc -h neno@localhost play`. Mimi nililisahau, na asubuhi iliyofuata mgahawa ulifunguliwa kimya.

Udhaifu mkubwa wa MPD ni kwamba inaamini tagi zako, yaani majina ya msanii, wimbo na albamu yaliyoandikwa ndani ya faili, bila kuuliza. Nyimbo nyingi za pale zimetoka kwenye kanda za marehemu baba, nilizozirekodi mwenyewe kwa kebo. Ndani ya maktaba kulikuwa na "Morogoro Jazz", "Moro Jazz" na "MOROGORO JAZZ BAND", na kwa MPD hao ni wasanii watatu. Albamu 40 zilikuwa na jina moja, "Upande A". Hakuna hifadhidata ya intaneti iliyozitambua kanda zile. Nilizisahihisha kwa mkono na Kid3, programu ya kuhariri tagi, jioni baada ya jioni, nikisoma mwandiko wa baba kwenye makaratasi ya kanda. Ilichukua wiki tano. Sikuijutia hata siku moja, lakini mwenye haraka ajue kwamba programu hii haitamfichia fujo ya faili zake.

Sauti za kanda pia zilikuwa chini sana karibu na nyimbo mpya. Hilo lilitulia nilipoandika tagi za ReplayGain, zinazosawazisha ukubwa wa sauti za nyimbo, kwenye faili zote na kuweka `replaygain "auto"`. Kabla ya hapo kila baada ya wimbo wa kanda ulikuja wa kisasa wa kushtua watoto.

Kwa anayesikiliza kila kitu kwa kulipia mtandaoni, simshauri ahangaike nayo. Ni ya mwenye nyimbo zake, kwenye diski yake, anayetaka zipigwe bando likiwepo lisipokuwepo. Kwa mtu wa namna hiyo naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu imebaki kwenye jioni ya nyimbo 0, kwa sababu `mpc stats` ingeweza kuniambia kwamba mlango umefungwa.

Wiki iliyopita mama mkubwa amenipa mfuko mwingine, kanda 22 za taarab za shangazi wa Tanga. Tatu kati yake utepe umekatika, nimeanza na hizo.