Mbegu za mchicha wa mionzi: nyota tatu, zingekuwa nne kama pakiti ingesema ukweli

Kwanza mnaoniuliza kama zina mionzi, hapana jamani. Mbegu inapigwa miale ya gama, mara nyingi ya kobalti-60, yaani metali inayotoa miale hiyo, ikitoka pale haibaki na mionzi yoyote, ni kama wewe ukipigwa eksirei, huwezi kurudi nyumbani unawaka. Kinachobaki ni mabadiliko kwenye vinasaba na hayo ndo yanayotafutwa. Wala si mambo ya jana, mwanasayansi Mmarekani Stadler alishapiga shayiri eksirei miaka ya 1920, na orodha ya FAO na IAEA, mashirika ya kimataifa ya chakula na ya nishati ya atomiki, ina aina zaidi ya 3,000 zilizopatikana kwa kuchochea mabadiliko ya vinasaba, nyingi kwa miale.

Haya, pakiti yenyewe. Kuota zimeota vizuri sina neno. Ila siku ya tano nimeinama kitaluni naona miche kama sita hivi myeupe pee kama karatasi, na mingine jani nusu kijani nusu njano. Ile myeupe haikumaliza wiki, haina ukijani wa kujitengenezea chakula na mbegu ya mchicha ni kapunje tu, akiba itoe wapi. Sasa anayeijua hii kazi akiona hivyo anashtuka, maana ndo sura ya kizazi cha pili tangu mbegu ipigwe, kasoro zilizojificha kizazi cha kwanza zinajitokeza zote, nzuri na mbaya. Hapo ndo mtu anaanza kuchagua mche mmoja mmoja, anarudia vizazi kadhaa mpaka watoto wafanane, halafu ndo uite aina mpya. Pakiti yangu imeandikwa "mbegu bora iliyokamilika". Imekamilika wapi?

Nilimuuliza muuzaji hiki kizazi cha ngapi, akanijibu "boss we panda tu".

Nimepanda. Kama unataka shamba linalofanana usizichukue, urefu kila mmoja na wake. Ila humo humo kuna mimea minne, yani majani mapana kuliko kiganja changu na imegoma kabisa kutoa maua, mchicha wangu wa zamani tuta la pembeni umeshatoa masuke nilipochuma mara ya tatu, hii minne nachuma ya sita sasa. Nimeshaandaa vifuko vya karatasi, suke likichomoza tu navalisha lisichanganyike na chavua ya mmea jirani, mbegu za kila mmea nitaziweka pakiti yake.