Uzoefu wangu na jeki ya chupa ya tani 6 kwenye Land Rover 110, hapa Malindi

Kwa wale wenye haraka: jeki yenyewe, ile fupi ya mafuta yenye umbo la chupa, ni nzuri, naipa nyota nne, nimekaa nayo miezi kumi na nne na nishabadilisha tairi nayo mara tisa, lakini ukiinunua bila ubao na bila kabari umenunua nusu. Na kama gari yako ni Land Rover ya zamani kama yangu basi ruka mengine yote lakini pale kwenye hendibreki soma.

Mimi nabeba samaki. Alfajiri natoka Malindi, navuka daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, mpaka Ngomeni, narudi na mafriza mawili mabovu huko nyuma yamejaa barafu na changu na kolekole. Gari ni Defender 110 pikapu. Tupu inakaribia tani mbili, na ikishapakiwa ndo usiseme, manake mwenyewe mzigo anajua na barafu yake anajua, mizani hatuna.

Kabla ya hii ya chupa nlikuwa natumia zile jeki ndefu za chuma zenye matundu, unazoona watu wa safari wamezifunga mbele ya gari ili wapendeze. Sizipondi, gari ikizama mchangani inainua bampa juu unatupia mawe chini ya tairi unatoka. Lakini kwa kubadilisha tairi sikushauri hata kidogo. Unainua bodi, springi za koili zinanyooka tu, unapiga mkono mpaka jasho linaingia machoni, tairi bado liko chini, na likija kuachana na mchanga gari yote iko juu inacheza kwenye chuma kimoja chembamba. Na kushusha ndo hatari zaidi, ule mkono ukikuponyoka unapanda wenyewe kwa nguvu ya gari yote, na kama kidevu chako kiko hapo pole yako.

Siku ambayo jeki hio ndefu nusura ituue ilikuwa wakati wa kaskazi, samaki wengi, haraka nyingi. Pancha ya nyuma kushoto, tumepita tu mashamba ya chumvi ya Gongoni, njia ya mchanga. Nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikatia gia ya kwanza, nikajiona nimemaliza. Mawe ya kuzuia sikuweka, huko hata jiwe utalipata wapi. Tanboi wangu alikuwa amechuchumaa anachota mchanga chini ya tairi kwa mkono, nikamwambia toka hapo nipandishe kidogo tena, akatoka, nikapiga mikono mitatu, tairi likaachana na mchanga, na gari ikaenda mbele yenyewe. Yaani kama shubiri moja tu, polepole, kama mtu anajinyoosha. Jeki ikainama kama mnazi, ikachomoka, gari ikashuka puu! na lile chuma likapita pale alipokuwa yule kijana. Hatukusemezana kwa muda. Barafu ndo tuliisikia ikigongana ndani ya friza.

Nlivyorudi mjini nikaenda kwa mzee mmoja fundi kule Maweni, mtu wa Land Rover tangu ujana wake, nikamwambia Mzee, hendibreki yangu imekufa. Akaingia chini akaitazama, akatoka anacheka. "Mwanangu, hendibreki yako nzima. Lakini wajua inashika wapi?"

Mimi nlijua inashika magurudumu ya nyuma kama gari nyingine. Kumbe hapana. Kwenye hizi Land Rover hendibreki ni drama moja (lile duara la breki) iko nyuma ya giaboksi, inashika propela ya nyuma, yaani ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Magurudumu yote mawili yakiwa chini sawa, propela imefungwa, hayaendi. Ukiinua moja tu, difu, zile gia za kati ya magurudumu mawili zinazoacha kila moja lizunguke kivyake, inalipa uhuru: lile la juu linazunguka kinyume hewani, na lile la chini linabiringika, na propela imesimama pale pale haina habari. Gia ya kwanza nayo vile vile haikusaidii peke yake. Akanionyesha kwa viganja vyake viwili, kimoja kinakwenda mbele kingine nyuma, nikaelewa pale pale na mwili ukanisisimka.

Dawa yake ni difuloki ya katikati. Ule wenzo wa gia ndogo ukiupeleka kwenye loki, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, kwa hivo hendibreki inashika mpaka magurudumu ya mbele, na hayo yako chini. Ila usiamini wenzo, amini taa ya loki kwenye dashibodi. Mara nyingine taa haiwaki mpaka gari isogee kidogo, basi isogeze, ikiwaka ndo uvute hendibreki, utie gia ya kwanza kwenye ndogo, uzime. Na bado uweke kabari. Mimi nimechongesha mbili za mwembe, naziweka mbele na nyuma ya gurudumu lililo kona ya pili na lile ninaloinua. Wenye Land Cruiser nyinyi hendibreki yenu inashika drama za magurudumu ya nyuma, lakini mkiinua la nyuma mnabakiwa na moja tu linaloshika, kwa hivo msinicheke, wekeni kabari.

Haya, jeki sasa. Nlinunua Mombasa elfu nne na mia tano, ya mafuta, imeandikwa tani 6. Ikifungwa ina urefu wa sentimita 21 na nusu, ukitoa pistoni yote na ile skrubu ya juu inafika kama 41. Uzuri wake kwa gari kama hii ni kuwa unainua ekseli yenyewe, lile bomba linaloshika magurudumu mawili, si bodi. Nyuma naiweka chini ya bomba la ekseli karibu na pale shokomzoba inapofungwa, mbele naiweka chini ya ekseli, usawa wa koili. Kwenye lile bonge la difu usiweke, gari itapinda. Koili hainyooki, unapampu kidogo tu tairi liko hewani, na gari haijapanda juu sana, imetulia.

Ubao sasa. Nimepata kwa fundi wa mashua, kipande cha mbambakofi kilichobaki, sentimita arubaini kwa arubaini, unene tano. Bila huo jeki ya chupa kwenye mchanga inafanya kazi moja tu, kujizika. Nlishajaribu na kipande cha mbao ya sanduku nikadhani nimepata njia ya mkato, ikapasuka katikati mlio kama bunduki.

Shida yenyewe iko hapa: tairi likiwa halina upepo kabisa na limezama, ekseli inashuka, na jeki ya 21 na nusu juu ya ubao wa tano haiingii. Lazima uchimbe. Nabeba jembe fupi kwa ajili hio. Halafu unapotoa bovu kumbuka spea imejaa upepo, inataka nafasi kubwa zaidi, sasa usishangae tairi limetoka lakini jipya haliingii, chimba chini yake badala ya kuzidi kupandisha. Nati nazilegeza nusu mzunguko gari ikiwa bado chini (spana ya 27), na spea nailaza chini ya chasi kabla sijatoa tairi bovu, likitoka bovu nalilaza hilo pale pale nachukua spea. Jeki ikiteleza gari italalia tairi, haitalalia mtu. Na hakuna wa kuingia chini, hata kama kitu kimeanguka, hata kama ni simu.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Mwezi wa tatu tangu niinunue ilianza kuvuja mafuta, nikairudisha dukani, yule kijana akaniambia eti nimeilaza, ni kweli nlikuwa nailaza chini ya siti, lakini si angeniambia siku ya kununua? Nikatia seal mpya na oili ya jeki, usije ukatia ya breki kwa kubana pesa, itakula seal. Tangu hapo nimeifunga imesimama. Ya pili ni kutu. Upepo wa chumvi huku hauachi kitu, pistoni ilianza vidoadoa, sasa kila nikitoka Ngomeni naipangusa na kuipaka grisi. Mkono wake pia mfupi, unapampu karibu umelala chini.

Sa hii natafuta ile ya chupa yenye pistoni mbili, moja ndani ya nyingine, naambiwa inaanzia chini na kufika juu zaidi. Mwenye nayo pande hizi aniambie ikifungwa ina sentimita ngapi, nimechoka kuchimba.