Kuchapa kitabu au kuuza riwaya WhatsApp: kipi kinamlipa mwandishi wa Mtwara na Lindi?

Kitabu cha karatasi kinakula mtaji kabla hujauza hata nakala moja. Tuseme umechapa nakala 200 Dar es Salaam kwa shilingi 4,000 kila moja: 800,000 zimetoka, bado nauli ya mzigo. Ukiuza 7,000 na mwenye duka akachukua 2,000, mtaji wa kuchapa unarudi kwenye nakala ya 160. Ukiuza mkononi mwenyewe, ya 115. Kwa hiyo usikabidhi zote madukani. Hakikisha idadi ya kurasa inagawanyika kwa 4, la sivyo utalipia kurasa tupu. Maboksi yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu wa pwani hukunja karatasi na kuleta ukungu.

WhatsApp mtaji wake ni bando. Toa sehemu tano bure, katiza penye utamu, kisha dai 2,000 kwa lipa namba. Ugonjwa wake ni kusambazwa: mmoja analipa, kumi wanasoma. Usitume faili zima. Tuma sehemu kwa sehemu, jina la mnunuzi likiwa kila ukurasa. Hilo halizuii wizi, linautia aibu tu. Na ukiruka siku tatu, wasomaji wamehama.

Njia zote mbili hufuata korosho. Minada ikichangamka, Newala na Masasi pesa ipo. Kiangazi cha mfuko kikiingia, hata 2,000 inakopwa.

Mwalimu wa Nachingwea anayealikwa kwenye mahafali, akauza mkononi hapohapo, atafaidi karatasi. Mwenye hadithi za mapenzi na asiye na mtaji, simu inamtosha, alimradi aandike kila siku. Wengine huanzia kwenye simu, wakachapa ile iliyouzika tu, tena kwa oda zilizolipiwa kabla.